Dharmarajan Mwingine

Sasa naweza kulisimulia jambo hili huku nikicheka. Wiki iliyopita ungenitajia neno uchaguzi ningekurushia mwiko.

Mume wangu ana jina zuri, na jina hilo ndilo lililotuponza. Anaitwa K. V. Dharmarajan. Bahati mbaya, ng'ambo ya mto alizaliwa mtoto mwingine mwaka uleule, naye akaitwa K. V. Dharmarajan, na wote wawili wakapelekwa shule moja, darasa moja, wakaketi dawati moja. Mwalimu aliyekuwa akiita majina asubuhi hakutaka kuumiza kichwa. Yule wa ng'ambo, aliyekuwa mrefu na mwenye sauti, alimwita Dharmarajan. Wangu akamwita Dharmarajan Mwingine.

Mwalimu alishakufa, lakini jina halikufa naye. Mume wangu ni fundi cherehani, hodari wa blauzi za harusi, na mpaka leo wanawake wa kijiji chetu cha Thekkanpuzha husema, "Blauzi yangu iko kwa Mwingine." Nilipoposwa, shangazi yangu aliambiwa kwamba Vimala anaolewa na Mwingine, akauliza mbele ya wageni, "Mwingine? Kwani wa kwanza ana kasoro gani?" Mimi nilikasirika siku hiyo na nimekasirika siku zote. Yeye hutabasamu tu na kubana pini zake mdomoni. Nilidhani hajali. Kumbe unaweza kulala kitanda kimoja na mtu miaka ishirini usijue panapomuuma.

Yule wa ng'ambo alikua akawa mtu wa siasa. Aliongoza halmashauri ya kijiji, na mwaka huu chama cha Taa kimemsimamisha kugombea kiti chetu katika Bunge la Kerala. Sitampamba. Ana majivuno kidogo na anapenda sana kupigwa picha. Lakini mwaka wa mafuriko, maji yalipofika madirishani, ndiye aliyekuja kumchukua mama mkwe wangu ambaye miguu ilikuwa imeshamkataa. Mashua hazikutosha. Alikuja na sufuria kubwa la shaba la kupikia wali wa karamu, akamkalisha bibi humo ndani, akalisukuma huku maji yakimfika kidevuni. Mama mkwe alimtukana njia nzima kwa kumlowesha. Baada ya hapo aliishi miaka minne mingine, akala, akagomba, akamwona mjukuu wake Nimisha akimaliza shule.

Kwa hiyo jioni moja mume wangu aliporudi nyumbani amevaa miwani, sikufikiria siasa hata kidogo.

"Macho yamefanyaje, Baba Nimisha?"

"Hayajafanya kitu."

"Na masharubu je? Mbona meusi hivyo? Umeangukia kwenye wino?"

Akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. "Nimegombea," akasema.

"Umegombana? Na nani?"

"Nimegombea, Vimala. Ubunge."

Nilicheka. Halafu nikamtazama tena: ile miwani ya fremu nyeusi, masharubu yaliyopakwa rangi na kuchongwa ncha, shati jeupe lenye kola ngumu. Uso huo nilikuwa nauona kila siku kwenye mabango ya Taa kuanzia sokoni hadi kivukoni. Kicheko kikanikauka.

Mchezo huu kwetu kila mtu anaujua. Ukitaka kumwangusha mgombea, unamtafuta mtu mwenye jina kama lake, hata awe muuza samaki, unamsimamisha kama mgombea binafsi. Majina yanakaa jirani kwenye mashine ya kura, na wazee wenye mtoto wa jicho wanabonyeza kitufe sicho. Mtu huyo anaitwa wajina. Hapati kiti, hapati chochote, anachukua tu kura za mwenzake zinazodondoka kwa makosa. Na uchaguzi uliopita kiti chetu kilipatikana kwa kura ambazo hazijazi ukumbi wa harusi. Wajina mmoja alitosha kabisa kumzamisha Dharmarajan wa ng'ambo.

"Nani amekuingiza kwenye hili?"

Akatazama barazani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimesimama mlangoni kwangu kikiomba maji ya kunywa: mdogo wangu Surendran, katibu wa tawi wa chama cha Mwavuli.

"Dada, usinitazame hivyo," akasema. "Sheria inamruhusu kila raia."

"Sheria ndiyo iliyomvisha miwani?"

"Picha yake itakuwa kwenye mashine, pembeni ya jina. Lazima shemeji apendeze."

"Apendeze au afanane?"

Surendran akanywa maji yake yote kwanza. "Dada, siasa haina ubaya. Wao walitufanyia hivihivi kule mjini."

Nilimgeukia mume wangu. "Aliyembeba mama yako kwenye sufuria ni nani?"

"Najua ni nani."

"Basi?"

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na vumbi. "Mimi sina haja ya kumwangusha mtu. Nataka tu nione jina langu limeandikwa mahali. Mara moja. Bila Mwingine."

Nina ulimi, kila mtu anajua, lakini hapo niliishiwa maneno.

Yalinirudia baadaye, na usiku ule yeye ndiye aliyeyapata yote. Nilimwambia watu wataona nyumba yetu ndiyo iliyomuuza yule wa ng'ambo. Nilimwambia hakuna bibi harusi atakayevaa blauzi iliyoshonwa na mkono wa msaliti. Jina jema hung'aa gizani, tulifundishwa tukiwa watoto, na yeye alikuwa anataka kulizima lake kwa kulitangaza. Mwisho wa kujitoa ulikuwa Jumatatu, saa tisa alasiri. Ikipita hapo hakuna tena kurudi nyuma. Aliniambia atafikiri. Jumamosi niliamka, kitanda kitupu, cherehani imefunikwa kitambaa chake, na simu yake haipatikani.

Hilo nalo ni sehemu ya mchezo. Wajina hufichwa. Wanampeleka mahali pazuri, wanamlisha, wanamkalisha mbali na mkewe na marafiki zake mpaka saa ya kujitoa ipite. Surendran alinipigia kunijulisha kwamba shemeji amekwenda kupumzika kidogo, kwa sababu kazi ya cherehani inaumiza mgongo.

"Mgongo wa nani? Wangu au wake?" nikamuuliza, naye akakata.

Mchana huohuo alikuja mama wa bibi harusi mmoja kuchukua kitambaa chake. Hakikuwa kimeshonwa. Alikikunja mbele yangu bila kuniangalia usoni, akasema mambo yamebadilika. Aliondoka bila kunywa hata chai. Sijawahi kuona haya namna ile katika nyumba yangu mwenyewe.

Jumapili alikuja mgombea mwenyewe. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na wapambe wake na ngoma. Aliwasimamisha langoni, akaingia peke yake, viganja vimeunganishwa kifuani.

"Hayupo," nikasema.

"Najua hayupo. Sikuja kumwombea ajitoe, dada Vimala. Nimekuja kukuomba kura yako kama ninavyowaomba wengine."

Jasho lilikuwa linamtiririka, nikampa maji. Akanywa, akarudisha bilauri. "Akirudi, mwambie Mwingine kwamba mimi..."

"Ana jina."

Nilimwona anatafuta neno, mtu ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafunga mdomo. "Miaka yote hiyo hakuwahi kulalamika," akasema.

"Na wewe hukuwahi kumuuliza."

Alitoka akiwa ameinamisha kichwa, na kule langoni ngoma zikaanza tena.

Nilikaa pale barazani nikafikiri nitampata wapi mume wangu. Polisi wangenicheka. Surendran asingesema hata ukimchoma moto. Lakini Surendran ana mke, na mke wa Surendran ni wifi yangu Latika, na wanawake wawili hawawezi kukorofishana miaka kumi na tisa bila kujuana vizuri.

Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Wifi, mume wangu yuko wapi?"

"Nimekatazwa kusema."

"Haya. Basi niambie tu kama anakula vizuri."

"Atakosaje kula vizuri?" Nazi ikalia kwenye meno ya mbuzi. "Hoteli ina ziwa. Ina roshani. Maji ya moto yanatoka ukutani. Kule Neelamala, wifi, ambako namwomba mdogo wako anipeleke tangu nilipokuwa bi harusi. Kila mwaka, 'Mwakani, Latika. Mwakani, Latika.' Sasa amepata nafasi, amempeleka nani? Mume wako."

"Pole, wifi."

"Usinipe pole. Basi la kwanza linaondoka alfajiri. Na mimi naja."

Jumatatu alikuja kituoni amevaa sari yake ya hariri, ile ya harusi, na begi la nguo begani. Sikumuuliza kitu. Basi lilipanda milima, kona baada ya kona, abiria wa nyuma wakatapika, na Latika akatazama dirishani njia nzima akionyesha mashamba ya chai kwa kidole. Mimi nilikuwa nahesabu saa. Kama tungemkosa, au tungemkuta akakataa, jioni hiyo ningelazimika kurudi kijijini nikiwa mke wa wajina, na hilo nilijua nisingeweza kulivumilia hata kwa ulimi wangu wote.

Surendran alikuwa kwenye roshani amejifunga shuka kiunoni, anakunywa chai.

"Latika?" Akaweka kikombe chini. "Umefuata nini huku?"

"Likizo."

"Likizo gani?"

"Ile ya mwakani." Akavuta kiti, akaweka begi juu ya meza kati yake na mumewe. "Niagizie chai. Halafu nionyeshe chumba chenye maji ya moto ukutani."

"Latika, sikiliza, leo ni siku ya kazi..."

"Nimesikiliza miaka kumi na tisa."

Niliwaacha hapo. Nyuma ya hoteli, kwenye ukumbi mdogo wa kulia, nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Alikuwa ameshusha pazia moja la hoteli na anashona pindo lililofumuka, kwa mkono, polepole. Aliponiona hakushtuka.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Vua hiyo miwani nikuone."

Akaivua. Macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Maneno makali yote niliyoyapanga kwenye basi nikayaweka kando.

"Cherehani walikataa," akasema.

"Cherehani gani?"

Akanieleza. Mgombea binafsi hupewa alama ya kuwekwa pembeni ya jina lake, naye huruhusiwa kutaja anayoipenda katika zile zilizopo. Cherehani ipo. Aliwaambia watu wa Mwavuli hiyohiyo, nao wakasema sawa. Jumamosi usiku akamsikia Surendran akizungumza kwenye simu: wameandika tochi. Kwa sababu mzee akitafuta taa na macho yake hayaoni vizuri, tochi itamchanganya zaidi.

"Jina nilidhani ni langu," akasema, "kumbe wanalitaka kwa kuwa ni lake. Sura wameifanya yake. Nikasema si neno, angalau ile cherehani ni yangu mwenyewe, watu wangu wakiiona watanijua." Akakata uzi kwa meno. "Na tangu nifike hapa hakuna aliyeniita Dharmarajan. 'Pelekeeni wajina chai.' 'Wajina asisogee getini.' Bora hata Mwingine, lile nimelizoea."

"Kwa nini basi hukurudi nyumbani?"

"Simu wamenichukua. Na niliona haya, Vimala. Nilijua nikitoka nitakukuta wewe."

"Umenikuta. Inuka."

"Nimalize huu upande."

"Baba Nimisha, saa tisa haitusubiri tumalize pazia la watu."

Aliinuka. Getini vijana wawili wa Mwavuli walikuwa wanacheza karata. Mmoja akasimama akauliza tunakwenda wapi, mwingine akasema wajina haruhusiwi. Nikamuuliza kama yuko tayari kumshika mwanamke mbele ya hoteli nzima ili mume wake asiende naye nyumbani. Akageuka kumtafuta Surendran. Kutoka roshani ilisikika sauti ya Latika ikiorodhesha sikukuu moja baada ya nyingine, mwaka kwa mwaka, na kila ahadi iliyotolewa. Yule kijana akakaa chini, akaokota karata zake.

Basi la kushuka lilikuwa limeshapita. Tukachukua bajaji sokoni, na dereva alipojua tunaharakisha aliziingia zile kona kama vile barabara ni ya baba yake. Nilimshika mume wangu mkono, si kwa mapenzi, kwa hofu ya kurushwa nje. Tukafika bondeni, tukavuka daraja, mji ukaonekana, na bado tulikuwa na muda. Nikaanza kupumua.

Kisha tukafika njia panda ya hospitali, na barabara haikuwepo. Palikuwa na watu tu, wamejaa kutoka ukuta hadi ukuta, bendera za Taa, ngoma za chenda zikinguruma, kipaza sauti juu ya gari. Walikuwa wanamsubiri mgombea wao, naye amechelewa, kama kawaida ya wagombea. Dereva akazima injini.

"Hapa hatupiti, mama. Labda jioni."

"Ofisi ya uchaguzi iko hapo mbele tu."

"Hata ingekuwa hapo kwenye lile duka. Utapita juu ya vichwa vyao?"

Nilimwambia dereva apige honi. Akapiga. Hakuna aliyegeuka. Nilishuka nikajaribu kuwasukuma, nikasukumwa mimi. Watu hao walikuwa wamekuja kumpigania Dharmarajan wao, nao ndio waliokuwa wanamwangusha kwa migongo yao. Niliona mishale ya saa kwenye mnara wa hospitali ikikaribia saa tisa. Nikarudi kwenye bajaji nikitaka kulia kwa hasira.

Mume wangu alikuwa amejikunyata pembeni. Miwani alikuwa ameirudisha usoni. Nadhani alisahau tu, au alitaka kujificha. Nikamtazama. Miwani, masharubu, shati jeupe.

Hapa lazima niseme jambo moja. Kwetu mwanamke wa rika langu hamwiti mumewe kwa jina. Wasichana wa siku hizi wanaita tu, hata Nimisha nadhani ataita. Sisi tulifundishwa kwamba kulitamka ni kumpunguzia umri. Namwita Baba Nimisha, kabla ya Nimisha nilikuwa nasema "sikia wewe", na mbele ya watu nasema "yule wa nyumbani". Tangu nilipoolewa jina hilo lilikuwa halijapita kwenye midomo yangu nikiongea naye wala nikimwita.

Nikapanda juu ya ukingo wa bajaji, nikashika paa, nikapaza sauti yangu yote.

"Pisheni njia! Dharmarajan yumo humu! Dharmarajan!"

Migongo ikageuka. Mtu mmoja akainama akachungulia ndani, akaona miwani na masharubu. "Ndiye!" akapiga kelele. "Amekuja na bajaji kama mtu wa kawaida!" Kipaza sauti kikalidaka jina, ngoma zikapandisha, na ule umati ukafunguka katikati. Bajaji ikaingia taratibu. Mikono ikajaa madirishani. Shada la maua ya manjano likatua shingoni mwa mume wangu, likamfunika hadi masikioni. Yeye akaunganisha viganja na kuwainamia, kushoto, kulia, kushoto. Bibi mmoja akaingiza mkono akamgusa shavu na kumwambia kura yake atampa yeye, na ya marehemu mumewe pia kama wangemruhusu.

"Mbona amepungua hivi?" nilimsikia mtu akiuliza.

"Kampeni," akajibiwa. "Hawapati hata muda wa kula."

Sikusema uongo hata nusu. Dharmarajan alikuwamo humo.

Ofisini askari wa mlangoni alimtazama mtu aliyevishwa maua akamwambia sherehe za kuandikisha wagombea zilikwisha siku nyingi. Tukamwambia tumekuja kujitoa. Akakuna kichwa, nadhani alikuwa hajaona mtu anajitoa na shada shingoni. Ndani, msimamizi wa uchaguzi alikuwa mwanamke mwenye mafua, leso mkononi.

"Kuna mtu amekulazimisha ujitoe?"

"Walionilazimisha ni wale walioniingiza," mume wangu akasema.

"Jina?"

"K. V. Dharmarajan."

Mama yule akapitisha kalamu kwenye karatasi zake, akasita. "Ninao wawili. Wewe ni yupi?"

Nilimwona mume wangu anavuta pumzi. Nilijua neno alilozoea kulijibu. Akavua miwani, akaiweka mezani, akasema, "Fundi cherehani."

Msimamizi akaandika hivyo, akasaini, akagonga muhuri. Tulipotoka nje, saa ya mnara ikagonga mara tatu, jinsi saa za mnara zinavyohesabu, na nyuma yetu askari akafunga mlango.

Nilikaa kwenye ngazi za serikali mbele ya mawakili na wauza karanga, nikacheka, nikapata kwikwi, nikalia, nikacheka tena. Kifua changu kilikuwa chepesi kiasi kwamba niliona njaa kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Mume wangu akaninunulia ndizi za kukaanga zilizovingirishwa kwenye gazeti, nikala nne bila kumwachia.

Simu ikalia. Surendran. Nikaiweka mbali na sikio mpaka alipomaliza kunieleza mimi ni dada wa namna gani. Kisha nikasikia simu inanyang'anywa.

"Wifi, tumejitoa?" Ilikuwa Latika.

"Tumejitoa."

"Afadhali. Mimi nimejaribu yale maji ya ukutani, ni ya moto kweli. Mwambie mama yangu nitarudi Jumatano, na mdogo wako atarudi nitakaporudi mimi."

Uchaguzi ni mwezi ujao. Sijui nani atashinda, na sasa naweza kusema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu yeyote atakayeshinda atashinda kwa kura zake. Yule mama wa bibi harusi alileta kitambaa tena kesho yake, akajifanya amesahau kitu. Nilimpa chai, nikajifanya nami nimesahau. Surendran hasemi nasi bado, lakini atakuja kula wali wa sikukuu ya Vishu. Hajawahi kuukosa.

Jioni ile ya Jumatatu tulirudi kwa basi la kijijini. Mume wangu alikaa dirishani na shada lake magotini, kwa sababu alikataa kulitupa. Rangi ya masharubu ilikuwa imeanza kumchuruzika kwa jasho hadi kidevuni. Tulipita njia panda ya hospitali. Mgombea mwenyewe alikuwa ameshafika, yuko juu ya gari anahutubia, na watu wanaliimba jina lake. Hawakutuona.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Hapana." Akageuza shada, akaanza kunyoosha petali moja moja. "Wale watu walikuwa wanamwita yeye."

"Ndiyo."

"Wote."

"Ndiyo, Baba Nimisha."

"Lakini wewe ulikuwa unaniita mimi."

Kwenye kiti cha mbele yetu alikaa mjumbe wa kamati ya hekalu, na nyuma yetu wake wawili wa majirani, masikio yao yote kwetu. Mume wangu alikuwa ananitazama kwa yale macho yake mekundu, anasubiri, naye si mtu wa kuomba kitu. Nikajisogeza karibu, nikaweka mdomo sikioni mwake, nikalisema tena, lote, polepole. Akafumba macho. Konda alipofika kudai nauli ilibidi nilipe mimi.